Mtu wa Kimuka Hakudungwa Sindano

Mwenyekiti, nanyi ndugu zangu mliokusanyika humu ukumbini, wagonjwa pamoja na wanaowauguza, sopa.

Mmeitikia vizuri. Hata ninyi mliohamia kutoka Nyeri na Murang'a mmeshajifunza kuitikia salamu ya Kimaasai.

Mmeniomba nitoe ushuhuda. Nilikuwa mwalimu, kisha mkaguzi wa shule, na neno ushuhuda kwangu lina mipaka. Niliyoyaona kwa macho yangu nitayasema kama nilivyoyaona. Niliyoambiwa, nitasema niliambiwa, na aliyeniambia ni mtu wa namna gani. Niliyoyasikia kwa watu waliosikia kwa watu wengine sitayasema kabisa, isipokuwa jambo moja tu, na hilo nitalisema kwa sababu nusura liniue.

Miaka kadhaa iliyopita niliugua saratani ya utumbo mpana. Hilo nalithibitisha. Nililala kwenye meza ya upasuaji Nairobi, wakakata kipande cha utumbo, wakaunganisha kilichobaki, kisha nikapewa dawa za mishipani kwa miezi mingi hata nikapoteza ladha ya chai na hisia kwenye ncha za vidole. Nikapona. Kila nilipoitwa kupimwa nilikwenda, na kila mara niliambiwa hakuna kitu. Nikarudi kwa ng'ombe wangu, hapo nje ya Kitengela, upande wa kuelekea Isinya, ambako malori ya mawe hupita mchana kutwa na vumbi halitoki kwenye majani mpaka mvua ilioshe.

Kiangazi kimoja nikaanza kukohoa. Sikushtuka. Kwetu wakati wa kiangazi hata mbuzi hukohoa. Mnacheka, lakini waliofuga wanajua nasema kweli. Mvua ikanyesha, vumbi likatulia, mbuzi wakanyamaza. Mimi sikunyamaza. Hapo nikajua kwamba si vumbi.

Nilikwenda kwenye kliniki moja mjini Kajiado, ambayo sitaitaja. Nilisindikizwa na mdogo wangu, mtoto wa mama yangu, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na gari. Nikapigwa picha ya kifua. Mhudumu aliyeisoma, mtu wa makamo aliyevaa koti jeupe, aliiinua akaielekeza dirishani. Niliona pamoja naye: juu upande wa kulia palikuwa na doa jeupe, lenye ukubwa wa kifungo cha koti.

"Mzee, zamani uliwahi kuugua nini?"

"Saratani ya utumbo."

Akaishusha ile picha. "Basi ni hiyo. Imepanda kifuani."

"Umejuaje?"

"Mtu akishakuwa na kansa, ukiona doa mahali pengine, ni ile ile. Wewe unavuta sigara?"

"Sijawahi."

"Si unaona? Ya mapafu ni ya wavutaji. Hii yako imetoka huko chini."

"Nimekuuliza umejuaje. Hujanijibu."

"Ni uzoefu wa kazi, mwalimu. Enda nyumbani ukae na watoto."

Ndugu zangu, nawaambia, mtu yule hakuwa mjinga. Alilolisema linawezekana. Saratani ya utumbo husafiri kwa damu, na mapafu ni mahali inapopenda kutua. Niliambiwa hivyo baadaye na watu waliosomea. Kosa lake ni kwamba alilichukua jambo linalowezekana akalitamka kama jambo lililothibitishwa, tena kwa picha moja, mbele ya dirisha, akiwa na wagonjwa wengine wanaosubiri barazani.

Nilipotoka nilimkuta mdogo wangu kando ya gari, simu ikiwa sikioni. Akanitazama jinsi mtu anavyomtazama ng'ombe aliyevunjika mguu.

Tulipofika nyumbani, boma lilikuwa limejaa. Mke wangu alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo jirani zangu wa kike ndio waliokuwa jikoni wakipika chai. Nilikaa chumbani, na dirisha lilikuwa wazi.

"Nasikia imefika mpaka kichwa," mmoja akasema.

"Ndiyo maana siku hizi ako mkali hivyo."

"Wacha wewe! Huyo alikuwa mkali tangu akinifunza darasa la nne. Hiyo si kansa, hiyo ni tabia."

Chekeni tu. Mimi mwenyewe nilicheka, na ndicho kicheko changu cha mwisho kwa muda mrefu. Kwa maana fikirini: Kajiado ilikuwa kifuani, na nilipofika kwangu ilikuwa kichwani. Ugonjwa wangu ulikuwa unaenea kwa simu upesi kuliko saratani yoyote inavyoenea kwa damu.

Sasa wengi wenu si Wamaasai, kwa hiyo nieleze jambo la ukoo wetu. Mzee akijua kwamba anaondoka, huwaita wanawe na kuwabariki mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja huambiwa fungu lake la mifugo na la ardhi. Ni desturi njema. Baba yangu alinibariki hivyo, na siidharau. Lakini mzee akishabariki, kazi yake imekwisha. Huletewa maziwa, hufunikwa blanketi, na husubiriwa. Hakuna anayempeleka popote tena. Na mzee anayeombwa baraka akakataa, huyo huonekana kama anayelaani. Baina ya mambo hayo mawili ndipo niliposimamishwa.

Walikuja Jumapili baada ya ibada: mdogo wangu, wazee wawili wa rika langu, na mwanangu wa kwanza. Binti yangu alileta chai, kisha akakaa karibu na mlango bila kukaribishwa.

"Olalashe," mdogo wangu akaanza, nasi huitana hivyo tukiwa ndugu, "tumekuja kwa upendo. Watoto wanataka mkono wako juu ya vichwa vyao ungali na nguvu."

"Nguvu ninazo. Haraka ni ya nini?"

"Si haraka. Ni hiyo kitu iko kifuani."

"Hiyo kitu ni nini?"

"Si daktari alisema?"

"Alisema. Hakupima. Nataka kwenda Nairobi, watoe kipande kidogo cha nyama ya hilo doa, kitazamwe, ndipo niambiwe ni nini."

Mmoja wa wale wazee akafyonza. "Sindano? Wachana na hiyo maneno kabisa. Kansa ikiguswa na chuma inakasirika. Inatawanyika siku hiyo hiyo. Kuna mtu wa Kimuka, alikuwa na ya tumbo kama wewe, ikapanda kifua kama wewe. Wakamdunga sindano kwa mbavu. Wiki haikuisha."

"Ulimwona?"

"Nani?"

"Huyo mtu wa Kimuka. Ulimwona akidungwa?"

"Watu wote wanajua."

"Sikuuliza nani anajua. Nimeuliza nani aliona."

"Huyu bado anasahihisha insha," mzee wa pili akasema, na wote wakacheka, hata mdogo wangu. Mwanangu hakucheka.

"Papa, unakataa kunibariki?"

"Sijakataa. Nimesema bado. Mkono wangu na ardhi yangu havitagawanywa kwa picha iliyosomwa dirishani."

"Bado mpaka lini? Mpaka ushindwe kuinua huo mkono?"

Alisimama akatoka, na chai yake hakuigusa. Mdogo wangu akanitazama, akasema kwa sauti ya chini, "Umeona ulichofanya?" Ndugu zangu, nilikuwa na doa kifuani linalokua kila siku, na waliokuja kunifariji waliniacha nikiwa mshtakiwa.

Nikaamua kwenda Kimuka. Nisieleweke vibaya: sikwenda kwa ushujaa. Nilikuwa na hofu. Kama ni kweli kwamba sindano hutawanya ugonjwa, sikutaka kudungwa. Lakini nilitaka kulisikia kutoka kwa mtu aliyekuwapo.

Binti yangu hufanya kazi kwenye duka la dawa za mifugo pale Noonkopir. Aliazima pikapu ya mwajiri wake, tukaenda. Tuliuliza katika duka, tukauliza kwenye kisima, na mwishowe tukaonyeshwa nyumba ya mabati yenye tangi la maji. Mama mmoja alikuwa ameinama uani, akianika maharagwe juu ya turubai. Alikuwa mjane wa mtu niliyekuwa namtafuta.

Nikamsalimu, nikampa pole, kisha nikamwambia, "Mama, nimeambiwa mume wako alidungwa sindano kifuani, akafa."

Akasimamisha mkono ndani ya maharagwe. "Nani amekuambia?"

"Watu."

"Mume wangu hakudungwa sindano. Angedungwa na nani? Tuliambiwa ile ya tumbo imerudi, imepanda kifua, hakuna dawa, twende tukae. Tukakaa. Alianza kukohoa tukivuna maharagwe. Tukapanda tena, tukavuna tena, bado anakohoa. Halafu akaacha."

"Hakupimwa nyama?"

"Hata kuguswa hakuguswa. Walitaka kumpima, ni sisi tulikataa. Tulisikia kuna mtu wa huko Rongai, pale Kware, alidungwa akafa wiki hiyo hiyo."

"Ulimwona huyo wa Kware?"

Akaokota jiwe dogo kwenye maharagwe, akalitupa mbali.

"Hapana, mzee. Nilisikia."

Binti yangu akainama, akaanza kuchagua maharagwe pamoja naye. Tulipokuwa tunaondoka, mama yule alitufuata hadi kwenye pikapu, akashika dirisha.

"Mpaka wa leo sijui ilikuwa ile ya zamani au ilikuwa nyingine," akasema. "Ningejua ni ile, ningelala. Sasa nitamuuliza nani?"

Hayo niliyasikia mwenyewe kutoka kinywani mwake. Kware sikwenda, kwa hiyo la Kware sina ushahidi nalo. Lakini la Kimuka ninalo, na ninalisema hapa hadharani: mtu wa Kimuka hakudungwa sindano. Alikufa bila kudungwa, na kifo chake kikageuzwa kuwa hoja ya kunizuia mimi nisidungwe.

Nilimweleza mdogo wangu jioni ile ile, neno kwa neno. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Basi labda alikuwa ni wa Kiserian."

Asubuhi nikamtoa fahali wangu mwekundu zizini nimpeleke sokoni. Mdogo wangu akaja mbio na kusimama langoni.

"Unauza ng'ombe wa watoto ulipie sindano?"

"Mimi niko hai. Ni ng'ombe wangu."

Akanipisha njia. Tangu siku hiyo hakuja tena kwangu mpaka niliporudi kutoka hospitali.

Daktari niliyepelekwa kwake Nairobi ni mwanamke, bingwa wa magonjwa ya kifua, mdogo kwa umri kuliko binti yangu. Alinipeleka nikapigwa skani ya mwili, akaitazama kwa muda mrefu. Nikachoka kusubiri.

"Niambie, daktari. Ni ile ile au si ile?"

"Sijui bado, mzee."

Ndugu zangu, sikilizeni. Kuanzia Kajiado mpaka jikoni kwangu, kila mtu alikuwa anajua. Mhudumu alijua, mdogo wangu alijua, wazee walijua, akina mama wa chai walijua. Huyu aliyesoma kuwashinda wote ndiye wa kwanza kusema hajui. Hapo ndipo nilipomwamini.

Akanigeuzia kioo cha kompyuta. Akaniambia kwamba doa ni moja tu, na kwamba kingo zake zina miba miba, na kwamba ile inayotoka mahali pengine mara nyingi huja kwa madoa mengi ya mviringo. "Kwa hivyo nikikisia, nitasema hii ni mpya, imeanzia hapa hapa kwenye pafu. Lakini kuna wakati hata ile ya zamani inakuja kwa doa moja tu. Sitakutibu kwa kukisia."

"Tofauti ni nini? Si yote ni saratani?"

"Ya utumbo ikihamia kwenye pafu inabaki ya utumbo. Inatibiwa kwa dawa za utumbo. Ikiwa ni ya pafu lenyewe, huo ni ugonjwa mwingine, ambao bado ni mdogo, na tunaweza kuutoa. Nikikosea nitakupa dawa isiyo yako."

"Na ikiwa ni ile ya zamani, ndiyo niende nyumbani nikae na watoto?"

Akakunja uso. "Nani alikuambia hivyo? Hata ile, ikiwa ni doa moja, kuna wagonjwa tunaowatolea. Kukaa nyumbani bila kupimwa si matibabu, mzee."

Nikamkumbuka mama wa Kimuka.

Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Ile nyama ya utumbo waliyoitoa zamani iko wapi?"

"Waliikata wakatupa."

"Hawatupi yote. Kipande wanakigandisha kwenye nta na kukiweka. Tunataka kukilinganisha na hiki kipya. Nenda ukakiombe."

Nikaenda katika hospitali niliyopasuliwa zamani. Karani wa maabara akaniuliza, "Mzee, unataka ripoti?"

"Ripoti ninayo. Nataka nyama yangu."

"Nyama yako?"

"Mliyonitoa tumboni. Daktari wangu anaihitaji."

Akamwita mwenzake. "Njoo usikie huyu mzee. Wengine wanadai ripoti, yeye anadai nyama!" Lakini waliitafuta, na sitawanyima haki yao: walinipigia simu wenyewe ilipopatikana. Nilipewa kibonge cha nta, kidogo kuliko kiberiti, na ndani yake kivuli kilichofanana na mtindi. Nikakitia katika mfuko wa ndani wa koti. Binti yangu alikuwa ananingoja nje.

"Papa, umebeba nini hapo?"

"Ugonjwa wangu wa zamani."

Akasogea kando hatua moja. Halafu akajionea haya, akarudi na kunishika mkono, tukatembea hivyo.

Siku ya sindano nililazwa ndani ya mashine ya skani, kifua wazi. Waliniambia mapema kwamba hewa inaweza kuvuja kwenye pafu, na kwamba wakiona hivyo nitalazwa. Wakanitia ganzi. Wakaniambia nizuie pumzi. Nikasikia mlio mkavu kama wa mashine ya kubania karatasi, kisha maumivu ya mkwaruzo ndani ya mbavu, kisha ikawa imekwisha. Hewa ilivuja kidogo kweli, nikalazwa, ikaziba yenyewe. Hatari ilikuwapo, wala sitawaambia haikuwapo. Lakini ilikuwa hatari niliyotajiwa jina kabla, na watu waliokaa karibu nami wakiiangalia.

Nikiwa bado kitandani mdogo wangu akapiga simu. Hakunisalimu. "Imetawanyika?" akauliza.

"Bado niko hapa," nikamjibu, nikakata.

Majibu yalipokuja, daktari hakunisomea karatasi. Alitufungulia picha mbili kwenye kioo, kushoto nyama ya zamani ya utumbo, kulia nyama mpya ya pafu, zote zimekuzwa kwa hadubini na kutiwa rangi maalumu. Hapa nitenganishe tena niliyoyaona na niliyoambiwa, maana hapa ndipo maisha yangu yalipoamuliwa. Niliona kwa macho yangu kwamba kulia palikuwa na vidoa vya kahawia kila mahali, kama mchele uliomwagiwa chai, na kushoto rangi hiyo haikushika hata mahali pamoja. Maana yake sikuisoma mimi, niliambiwa: rangi ile hushika seli za pafu na haishiki seli za utumbo. Wakatia rangi ya pili, ile inayoshika za utumbo, na mambo yakageuka: kushoto ikashika, kulia ikakataa.

"Mzee," daktari akasema, "hii si ile. Ni mpya, ya pafu lenyewe, na tumeipata mapema."

"Imetokana na nini? Mimi sivuti sigara."

"Kuna wengi wasiovuta wanaoipata. Yako imetokana na nini, sijui."

Binti yangu alilia. Mimi nilikuwa nimekaa nikiwaza jambo moja: ningebariki Jumapili ile, ningekuwa chini ya blanketi, nikiletewa maziwa, nikisubiriwa, na ugonjwa ambao ungeweza kuondolewa ungekuwa unakua ndani ya mtu aliyekwisha kuagwa.

Wakanipasua. Wakatoa sehemu ya juu ya pafu la kulia. Waliniambia kwamba tezi walizozipima hazikuwa na ugonjwa. Wiki za kwanza nilikuwa nikipanda ngazi moja nikipumua kama mtu aliyefukuzwa. Binti yangu alilala kwenye kiti kando ya kitanda changu. Mwanangu wa kwanza hakuja. Mdogo wangu hakuja. Niliambiwa kwamba walifika hadi langoni wakarudi. Aliyeniambia naye aliambiwa, kwa hiyo liacheni.

Niliporudi nyumbani, nilichokiona ni hiki. Kuanzia ukingo wa barabara hadi kwenye bwawa la kunyweshea palikuwa na nguzo mpya na waya wa miba. Ardhi yangu ilikuwa imekatwa mapande. Ng'ombe wangu walisimama upande mmoja wakiyatazama maji yaliyo upande wa pili. Mwanangu alikuwa pale na nyundo.

"Nani amefanya kazi hii?" nikamuuliza.

"Papa... tulidhani hutarudi."

"Nani aliwaambia sitarudi?"

"Watu."

Nimefundisha watoto wa watu maisha yangu yote, na bado sijakutana na huyo anayeitwa Watu. Sijui nyumba yake, sijui ana miguu mingapi. Lakini alinisomea picha yangu, akanieneza mpaka kichwani, akamzika mume wa yule mama wa Kimuka, na akanigawia ardhi yangu nikiwa ningali napumua.

"Uondoe waya huu," nikamwambia.

"Mdogo wako amesema ukishasimamishwa haung'olewi, ni mkosi."

"Na wewe unasemaje?"

Aliangalia nyundo. "Hukunibariki, Papa. Mimi nitafanya nini sasa?"

Kuna mlango nilioufungua kwenye waya huo kwa mikono yangu, ng'ombe wanywe. Waya wenyewe ungali umesimama. Mwenyekiti amenishauri nimsamehe kijana, nami namheshimu mwenyekiti. Lakini nimetakiwa kusema kweli mbele yenu, na kweli ni kwamba sijamsamehe, na mkono wangu haujainuka juu ya kichwa chake. Siku utakapoinuka, utainuka kwa sababu nimetaka, si kwa sababu nimesubiriwa.

Nawashukuru wachache, kwa kuwa walionisaidia walikuwa wachache. Namshukuru binti yangu, aliyekaa karibu na mlango bila kukaribishwa. Namshukuru daktari aliyesema hajui, kisha akatafuta mpaka akajua. Nawashukuru makarani wawili waliocheka huku wakiitafuta nyama yangu. Na namshukuru mama wa Kimuka, ambaye alinipa ukweli wake ilhali yeye hakubakiwa na wa kumpa ukweli anaoutafuta.

Na neno ninalowaachia ni hili. Baadhi yenu mlipona saratani moja, na siku moja mtaambiwa kuna doa mahali pengine. Sitawadanganya: kwa wengine litakuwa ile ile iliyosafiri, na sina haki ya kuwaahidi kwamba yenu itakuwa kama yangu. Lakini msikubali kuambiwa kwa picha iliyosomwa dirishani. Ulizeni: nyama imetolewa? Imelinganishwa na ile ya zamani? Nani aliyeitazama? Akikujibu kwamba ni uzoefu, msalimu kwa heshima, ondoka, utafute anayepima. Na mkisikia habari ya mtu aliyedungwa akafa, iwe ni wa Kimuka, wa Kware au wa Kiserian, tafuteni mjane wake mumuulize kabla hamjakaa chini.

Mama, wewe mwenye kitambaa cha kijani, umeniuliza kabla ya mkutano kama sasa nimepona kabisa. Sijui. Daktari naye hakuniambia kwamba nimepona. Ameniambia niendelee kurudi kwake.

Ninachoweza kukutolea ushuhuda ni cha juzi. Nilisimama nyuma ya kiti cha daktari, akafungua picha mpya ya kifua changu. Mahali palipokuwa na doa niliona mstari mweupe mwembamba, na yeye akaniambia kwamba hilo ni kovu. Kisha akaweka chuma chake baridi mgongoni pangu, akaniambia nivute pumzi. Nikaivuta. Ikaingia mpaka chini, na sikukohoa.